Msondo, Sikinde na Masikio ya Usukuma

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kituo cha Shinyanga kikawa mlango wa kutokea pamba na kuingilia mambo ya mjini. Miaka ya 1930 santuri za GV zenye muziki wa Kuba zilienea Tanganyika, na vijana wakazisikiliza mpaka wakaanza kupiga wenyewe. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1959 Iddi Nhende, mtu wa Nzega, jirani kabisa na Shinyanga, akaanzisha Western Jazz jijini Dar es Salaam, bendi ya watu wa magharibi waliokwenda pwani na mtindo wao wa Saboso. Naanza na Western Jazz kwa makusudi. Mara nyingi muziki wa dansi husimuliwa kama mali ya Dar es Salaam, sisi wa bara tukiwa wageni waalikwa, na simulizi hiyo inatudhulumu.

Masikio ya Usukuma yalikuwa yamekwisha kufundwa kabla ya dansi kufika. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wetu wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, wafuasi wa waganga wawili, Ngika na Gumha. Kila upande una manju wake, dawa zake na mbwembwe zake. Baada ya mavuno makundi mawili hupiga uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemkimbilia. Mtu aliyekulia katika mashindano hayo hujua kwamba ngoma bila mpinzani hupoa.

Ndiyo maana ugomvi wa bendi mbili za Dar es Salaam, Msondo na Sikinde, haukuhitaji mkalimani huku kwetu. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilinunua vyombo na kulipa wanamuziki mshahara, na utaratibu huo ukaigwa na jeshi, polisi, umoja wa vijana na hata shirika la bima. Muhidin Gurumo wa Kisarawe alikuwa pale tangu mwanzo. Baadaye akaja Hassan Bitchuka kutoka Kigoma, mwenye sauti nyembamba inayopenya. Bendi ikaitwa Juwata, baadaye OTTU, lakini watu waliendelea kuijua kwa mtindo wake, Msondo. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, na Gurumo na Bitchuka wakahamia huko, kwenye mtindo wa Sikinde, wakafanya kazi na Michael Enoch, fundi wa kupanga muziki ambaye sijasikia wa kumzidi. Baadaye wanamuziki wakawa wanahama huku na kule, na mashabiki wakawa wanahama nao au wanawalaani.

Sisi tulipata vita hivyo vya bendi kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, na kwa vile santuri zetu nyingi zilikuwa zikichapwa Nairobi, kupata santuri kukawa kazi ngumu. Zikabaki kanda za studio ya RTD, na vipindi kama Klabu Raha Leo Show. Katika nyumba iliyokuwa na redio, majirani walijaa jioni, mzee mwenye nyumba akilinda betri zake. Hukuchagua wimbo. Ulisikia uliopigwa, na wimbo uleule ukakurudia mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Wimbo wa dansi wa enzi ile una sehemu mbili. Ya kwanza huenda taratibu na kusimulia kisa: ndoa iliyovunjika, ndugu waliogombana, mshahara usiotosha. Kisha huja chemko, waimbaji wakapisha, magitaa yakakimbizana, watu wakasimama kucheza. Mtoto huvumilia kisa ili alifikie chemko. Akishaoa au kuolewa, akishazika, anagundua kwamba kisa ndicho kilichokuwa kikimsubiri. Na akizeeka zaidi, kama Mungu amemjalia utulivu, anaanza kusikia yaliyo chini ya vyote viwili: gitaa la rithimu lisilochoka, gitaa la pili la solo likijibu la kwanza, na tarumbeta zinazoingia pale tu mwimbaji anapovuta pumzi. Bendi haikubadilisha hata noti moja. Msikilizaji ndiye aliyekua.

Chukua "Shida" ya mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na miaka 34, na wimbo huo ukavuma sana baada ya kifo chake. Kwa mtoto lilikuwa gitaa tamu. Lakini nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, na vita vilipokwisha vikafuata foleni za sukari, sabuni na khanga. Wakulima wa pamba Shinyanga, waliokuwa na fedha za msimu mkononi na maduka yasiyo na kitu, waliusikia wimbo huo kwa masikio mengine kabisa.

Upande wa Geita, kwenye dhahabu, mwanamuziki aliyesubiriwa na wakati ni Remmy Ongala. Mkongo huyo alifika Tanzania mwaka 1978, akaimba na bendi ya Makassy, kisha Matimila, na mwaka 1989 ikatoka albamu yake ya Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa Uingereza. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966, na baadaye wachimbaji wadogo wakajaa ukanda wote kwa rashi, wakikimbilia kila palipoonekana dhahabu, duara kwa duara, yaani shimo kwa shimo. Halafu Agosti 1996 wachimbaji wadogo wakaondolewa Bulyanhulu ili kupisha kampuni; mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Aliyeucheza wimbo wa "Mnyonge Hana Haki" akiwa kijana mwenye nguvu, akaja kuusikia tena baada ya kupoteza duara lake, hakuhitaji kufafanuliwa neno.

Miaka ya 1990 mashirika yaliacha kulea bendi, redio binafsi zikaja, kisha Bongo Fleva. Remmy alifariki Desemba 2010, Gurumo Aprili 2014. Hata hivyo, kwenye baa za Katoro na Kahama Sikinde bado inapigwa kutoka kwenye flashi, na vijana wa karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wanaijua.

Mtafiti Frank Gunderson aliandika mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, na mwaka 2018 kitabu cha maisha ya Gurumo na Bitchuka. Nafurahi kwamba mtu mmoja aliyaona mambo hayo mawili kuwa ya kuandikiwa kwa heshima ileile.

Kanda za RTD sasa ni amana ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Naiomba TBC izitunze, izifungue kwa wananchi, na izilipe familia za waliopiga. Nawe msomaji wa Shinyanga au Geita, kama nyumbani yupo mzee aliyewahi kupiga gitaa, tumba au tarumbeta katika bendi yoyote, kaa naye wiki hii umrekodi kwa simu: jina la bendi, mwaka, ukumbi, na nani alipiga nini.