Mario Wawili wa Mwaka 1985

Mwaka 2008 nilichapwa kwa sababu ya jina tu.

Nilikuwa darasa la nne. Likizo ya Juni ilikuwa inaisha, nimerudi nyumbani Njombe kutoka Makambako kwa kaka yangu, midomo imepasuka kwa upepo wa kule. Mama akauliza, "Haya baba, huko mlikuwa mnafanya nini kutwa nzima?" Nami kwa furaha nikajibu, "Tulikuwa na Mario, mama!" Fimbo ikafuata.

Mama hakuwa mkorofi. Kwake yeye Mario alikuwa mmoja, yule wa wimbo wa Franco na TP OK Jazz uliotoka mwaka 1985, kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Wimbo ni wa Kilingala, lakini mitaani kwetu jina lile liligeuka neno kamili: marioo, mwanaume anayekula jasho la mwanamke. Na kaka alikuwa amefeli kidato cha nne. Mama alikuwa anaogopa.

Asichokijua ni kwamba mwaka uleule, tarehe 13 Septemba 1985, kule Japani alitoka Mario mwingine. Huyu ni fundi bomba mfupi mwenye masharubu, anakimbia na kuruka katika gemu iitwayo Super Mario Bros. ya kampuni ya Nintendo ya Kyoto. Basi Mario wawili mwaka mmoja! Wa kwanza alitufikia haraka. Wa pili alichelewa sana. Kwa nini?

Jibu ni rahisi. Mario wa Franco alihitaji redio, na redio zilikuwepo hadi vijijini. Mario wa Nintendo alihitaji televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara vituo vya kwanza, ITV kikiwemo, vilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo seti zilikuwa za wachache wenye nazo na deki zao za video. Halafu kulikuwa na bei. Mashine yenyewe, Famicom, iliingia sokoni Japani mwaka 1983 kwa yeni 14,800. Nani wa kwetu angeiagiza?

Waliotuletea Mario hawakuwa Nintendo. Ni viwanda vya Taiwan na baadaye China, vilivyotengeneza mashine za kuigiza Famicom na kuziuza kwa bei ya chini. Nyingine ziliitwa Micro Genius. Huko Urusi watoto waliijua mashine ya namna hiyo kwa jina la Dendy, Poland wakaiita Pegasus. Kaseti zake zilibandikwa karatasi inayosema ndani mna gemu 9999. Uongo mtupu! Zilikuwa chache, zinajirudia kwa majina mengine. Lakini Mario alikuwemo.

Na Makambako, kama unavyojua, ni njia panda. Reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975 inapita pale, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita pale, na ya kwenda Njombe na Songea inaanzia palepale. Kitu kikishatoka Dar, kitashuka Makambako tu. Banda letu lilikuwa la mabanzi, ndani TV ya kichogo na benchi moja. Kaka alikuwa kibarua wa kupakia mbao, jioni tunaingia. Shilingi mia, maisha matatu. Yakiisha, unampisha mwenzio.

Sasa mvuto wa gemu ile ulikuwa nini? Mimi nasema ni hiki: inafundisha bila kusema, na haionei mtu.

Tazama mwanzo wake. Mario anasimama kushoto, mbele kweupe. Hakuna maelezo. Unajaribu kulia, anatembea. Kinakuja kidude chenye sura ya uyoga kimenuna. Ukikigusa unakufa, ukikirukia juu kinakufa chenyewe. Tayari umejua sheria. Ukigonga tofali lenye alama ya kuuliza unatoka uyoga mwingine, unakwenda kulia, unagonga bomba na kukurudia. Ukiogopa kuukimbia, unakupata, na kumbe unakukuza! Mbele kuna ngazi mbili zinazotazamana, katikati ardhi salama. Unaruka, ukikosea hakuna neno. Kisha zinakuja ngazi nyingine, sasa katikati ni shimo. Umeshafanya mazoezi bila kuambiwa. Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walichora hatua zile kwenye karatasi za mirabamiraba, na gemu nzima yenye hatua 32 ikaenea kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako leo inazidi hapo mara nyingi.

Kwa kijana aliyefeli mtihani, hilo si jambo dogo. Shuleni kaka aliulizwa kwa Kiingereza kitu ambacho hakufundishwa akakielewa. Bandani hakuna lugha. Ukifa, unajua kosa ni lako na unajua ni lipi.

Siku moja kaka alifika dunia ya nane, ya mwisho. Banda zima tumesimama. Akabakiza hatua moja tu ya kumfikia binti mfalme, mara paa! Umeme ukakatika. Gemu ile haitunzi chochote. Umeme ukirudi, unaanza moja, kushoto, mbele kweupe. Watu wakapiga kelele, mwingine akatukana. Kaka akacheka, akatoa mia nyingine, akakaa kungoja umeme.

Nilidhani ni ukaidi. Ulipowaka nikaona: hatua zilizokuwa zimemchukua wiki alizipita kama anayetembea uani kwao. Alikuwa ameanza upya, lakini vidole havikuanza upya.

Nami niliishia kidato cha nne. Nina riwaya ninayoiandika. Mwaka jana daftari lenye sura saba liliibwa pamoja na begi ndani ya basi la Njombe. Mwezi mzima sikushika kalamu. Kisha nikakumbuka lile banda, nikafungua daftari jipya, ukurasa mweupe. Sura ya kwanza niliimaliza kwa siku nne. Zamani ilinila miezi mitatu.

Kaka leo ana karakana yake ya samani palepale Makambako, na hakuna mwanamke anayemlisha. Mama akimtembelea humkuta anapiga randa huku anapiga mluzi muziki wa gemu ile, uliotungwa na Koji Kondo. Mama hajui ni muziki wa nini. Juzi nikamweleza: huyo ndiye Mario uliyenichapia.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ungesema ni fundi."