Mdudu wa Kipupwe, Jani la Kiangazi

Katika milima ya Tibet, juu sana mahali ambapo miti haioti, huishi nondo mmoja mnyonge ambaye watoto wake ni viwavi wakaao ndani ya udongo. Huko chini kiwavi huingiwa na kuvu. Kuvu hiyo humla polepole kutoka ndani mpaka mwili wake ukawa umejaa uzi wa kuvu mtupu. Hufa karibu na uso wa ardhi, kichwa kikielekea juu. Na theluji ikisha kuyeyuka, kutoka katika kichwa hicho huchomoza kijiti cheusi chembamba, mfano wa unyasi. Wachina, walipoona kitu ambacho ni mdudu wakati wa baridi na ni jani wakati wa joto, wakakiita kwa majina yote mawili: mdudu wa kipupwe, jani la kiangazi.

Usidhani, msomaji, kwamba hii ni dawa ya juzi. Tabibu mmoja wa Kitibet aliisifu katika karne ya 15, na mwaka 1694 Wang Ang aliiandika katika kitabu chake cha dawa za Kichina. Ilisemwa kuwa hutia nguvu mapafu na figo, na humwondolea mtu uchovu. Wachungaji nao husimulia kwamba ng'ombe wao wenye manyoya marefu, wakiila malishoni, huchangamka kupita kiasi. Kwa muda mrefu sana habari zake zilikuwa za waganga na matajiri, wala sisi huku hatukuwa na sababu ya kuuliza.

Sababu ilitujia mwezi wa Agosti mwaka 1993, huko Stuttgart, Ujerumani, katika mashindano ya dunia ya riadha. Wanawake wa China walishinda mbio za mita 1500, za mita 3000 na za mita 10,000; katika zile za mita 3000 walitwaa nafasi zote tatu za mbele. Katika mita 10,000 walitangulia wawili, Wang Junxia na Zhong Huandi, na nyuma yao akaja msichana wa Kenya, Sally Barsosio, mwenye umri wa miaka 15. Hebu fikiri: umri wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili!

Mwezi uliofuata, katika michezo ya taifa kule Beijing, yalitokea mambo makubwa zaidi. Tarehe 8 Septemba Wang Junxia alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 31.78. Rekodi iliyokuwapo, ya Ingrid Kristiansen wa Norway, ilikuwa dakika 30 na sekunde 13.74.  Yeye aliivunja kwa karibu sekunde 42. Siku tano baadaye wanawake watano walimaliza mbio moja ya mita 3000, na wote watano wakapita rekodi ya zamani.

Watu wakauliza: wanakula nini? Mwalimu wao, Ma Junren, alikuwa na jibu tayari. Alitaja mazoezi makali ya mwendo mrefu sana kila siku katika nyanda za juu, damu ya kobe wa majini, na kile kiwavi chenye kuvu. Dunia ikaacha kusikiliza habari za mazoezi, ikakishika kiwavi. (Ndivyo tulivyo wanadamu, hata darasani mwangu, nikieleza jinsi mtu alivyofaulu, swali la kwanza huwa juu ya chakula chake.) Bei ikapanda, na miaka iliyofuata familia nyingi za Tibet na Nepal zikawa zapanda mlimani kila majira ya kuchipua, zikitambaa kwa magoti kutafuta vijiti hivyo. Mwaka 2020 kuvu hiyo iliandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Je, ilikuwa na nguvu hiyo? Wataalamu waliwapa waendesha baiskeli waliozoea mashindano, na katika majaribio kadhaa hawakuona faida. Isitoshe, mwaka 2016 serikali ya China yenyewe iliwaonya watu kuwa bidhaa zake zilikutwa na aseniki, ambayo ni sumu.

Na wale wakimbiaji? Mwisho wa mwaka 1994 wengi walimwacha mwalimu wao, wakilalamikia ukali wake. Mwaka 2000, kabla ya Olimpiki ya Sydney, ambako damu ingepimwa, China iliwaondoa wanamichezo 27 katika timu yake, baadhi yao wakiwa wanafunzi wa Ma. Kisha mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vilitoa barua ya mwaka 1995, iliyosemekana kutiwa sahihi na Wang Junxia na wenzake tisa, yenye kusema kwamba walilazimishwa kutumia dawa zilizokatazwa. Ma alikuwa amekana siku zote. Rekodi hazikufutwa.

Zilibaki zivunjwe kwa miguu. Ile ya mita 10,000 ilivunjwa na Almaz Ayana wa Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2024 Beatrice Chebet wa Kenya akawa mwanamke wa kwanza kuikimbia chini ya dakika 29. Mwaka 2025 Faith Kipyegon aliijaribu ile ya mita 3000, ya dakika 8 na sekunde 6.11. Alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 7.04.