Ari Iliyoanzia Shambani: Kwa Nini Wafini Walisimama Imara Mwaka 1939

Tarehe 1 Desemba 1939, siku moja baada ya majeshi ya Kisovieti kuvuka mpaka na ndege zao kuupiga Helsinki kwa mabomu, Moscow ilitangaza kwamba Ufini imepata serikali mpya. Makao yake yalikuwa Terijoki, mji mdogo wa pwani uliotekwa punde, na kiongozi wake alikuwa Otto Wille Kuusinen, Mfini aliyekimbilia Urusi baada ya Wekundu kushindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1918. Katika tamko lake aliwaahidi wavuja jasho wa Ufini mambo mengi, na mawili yalikuwa makubwa: wakulima watagawiwa ardhi ya mabwanyenye, na wafanyakazi watapata siku ya kazi ya saa nane. Lakini saa nane zilikuwa sheria ya Ufini tangu 1917, na wakulima wapangaji walikuwa na haki ya kununua mashamba waliyoyalima tangu sheria ya Oktoba 1918. Moscow ilitazamia wafanyakazi wa viwandani wainuke na kuipokea serikali hiyo. Hawakuinuka. Hata Arvo Tuominen, katibu wa chama cha kikomunisti cha Ufini aliyekuwa Stockholm, alipoitwa kuwa waziri mkuu wa Terijoki alikataa.

Hapo ndipo pa kuanzia mtu anayetaka kuelewa jinsi taifa la watu wapatao milioni 3.7 lilivyoweza kulizuia taifa la watu milioni 170 kwa siku 105. Masimulizi yaliyozoeleka huanzia kwingine: kwenye theluji, kwenye wapiganaji wenye kanzu nyeupe wanaoteleza juu ya mbao za miguuni, na kwenye neno la Kifini, sisu, linalotajwa kana kwamba ukakamavu ule ulikuwa damuni mwao. Nadhani masimulizi hayo yanaficha jambo la maana zaidi. Kama ari ya kupigana ingekuwa ya damu, ingeonekana pia mwaka 1902, Tsar wa Urusi, aliyeitawala Ufini wakati ule, alipotaka vijana wa Kifini waandikishwe katika jeshi lake. Zaidi ya nusu ya walioitwa hawakutokea. Damu ilikuwa ileile, na baridi ileile. Kilichokuwa tofauti ni jibu la swali ambalo kila kuruta hujiuliza hata kama halitamki: ninalinda nini, na ni cha nani?

Kwa Ufini swali hilo lilikuwa na uchungu wa pekee. Uhuru ulitangazwa Desemba 6, 1917, na kabla ya miezi miwili kupita nchi ilikuwa imegawanyika, Weupe wa mrengo wa kulia upande mmoja na Wekundu wa kisoshalisti upande wa pili. Vita vile vilichukua roho za watu zaidi ya 36,000 katika taifa la watu wapatao milioni tatu. Wengi hawakufa vitani. Weupe waliposhinda waliwafungia Wekundu wapatao 80,000 makambini, na zaidi ya 12,000 kati yao wakafa, wengi kwa njaa na maradhi. Mtoto aliyempoteza baba yake kambini mwaka 1918 alikuwa na umri wa kubeba bunduki mwaka 1939. Kwa hesabu ya kawaida, nchi kama hiyo haina jeshi la kuaminika. Adui akivuka mpaka atapata nusu ya wenyeji wakimngoja. Kuusinen alipiga hesabu hiyo, na hakuwa mjinga. Ila hakuyaona yaliyotendeka katikati. Machi 1919, chini ya mwaka mmoja baada ya bunduki kunyamaza, chama cha Social Democrats, kilichowakilisha upande ulioshindwa, kiliruhusiwa kushiriki uchaguzi na kikapata viti 80 kati ya 200 vya bunge. Mwaka 1922 bunge lilipitisha sheria ya ardhi iliyoitwa kwa jina la Kyösti Kallio, mkulima na mwanasiasa aliyekuwa rais wakati vita vilipokuja. Mtu aliyekuwa akilipa kodi ya shamba kwa siku za kazi kwenye ardhi ya mwingine alipata ardhi yake yenye mipaka na hati. Mwaka 1926 Väinö Tanner wa chama hichohicho aliunda serikali, na Mei 16, 1927, akikaimu nafasi ya rais aliyekuwa mgonjwa, akalipokea gwaride la kuadhimisha ushindi wa Weupe. Wafuasi wake wengi walikasirika, na walikuwa na sababu. Lakini mtazame mtu yule jukwaani, kiongozi wa chama cha walioshindwa, akipigiwa saluti na walioshinda. Ndani ya miaka tisa, kura ilikuwa imefanya jambo ambalo bunduki isingeweza.

Mpangilio wa uandikishaji nao ulifuata mantiki hiyo. Katika miaka ya 1930 jeshi liligeuza mfumo wake ili vikosi viundwe kwa maeneo: silaha ziwekwe karibu na watu, na wanaume wa kata moja waitwe pamoja na kupigana pamoja. Oktoba 1939, wakati wajumbe wa Ufini wakiendelea kuzungumza na Stalin huko Moscow, askari wa akiba waliitwa kwa kisingizio cha mafunzo ya ziada. Hivyo vita vilipoanza Novemba 30 jeshi lilikuwa tayari mahali pake, na watu wamezoeana. Vifaa vilikuwa haba mno. Wengi walipewa mkanda, beji ya kofia na bunduki; nguo zilikuwa zao wenyewe, sweta aliyofuma mama na viatu vya shambani. Ila aliyelala handakini kushoto kwake alikuwa jirani yake, na hakuna ofisa anayeweza kumtia mtu haya ya kukimbia zaidi ya jirani. Mfumo huo ulikuwa na gharama yake: kombania ikiangamia, kijiji kizima kinafiwa siku moja. Wafini waliijua gharama hiyo wakaibeba kwa namna ambayo sijaona kwingi. Waliwarudisha marehemu nyumbani. Wanawake wa Lotta Svärd, chama cha akina mama wa kujitolea, waliwaosha na kuwavisha, kisha wakazikwa kwenye uwanja wa kanisa la kwao, mistari ya makaburi yanayofanana, bila kujali cheo. Kijana aliyekwenda mstari wa mbele alijua kwamba hata akifa hatatupwa.

Kuna watakaosema kwamba majirani wa Ufini nao walifanya mageuzi ya ardhi. Ni kweli. Estonia iligawa mashamba makubwa mwaka 1919, ilikuwa na jeshi la kuandikishwa kwa sheria na kumbukumbu ya kuishinda Urusi vitani. Hata hivyo Septemba 28, 1939 ilikubali kambi za Kisovieti katika ardhi yake, na Juni 1940 ikamezwa bila kupigana, pamoja na Latvia na Lithuania. Jiografia inaeleza sehemu ya jambo hilo, maana Estonia ilikuwa ndogo zaidi. Haielezi yote. Nchi zote tatu zilikuwa zimeacha demokrasia kabla ya 1939: Lithuania mwaka 1926, Estonia na Latvia mwaka 1934. Uamuzi wa kukubali au kukataa ulikuwa mikononi mwa watu wachache, na wananchi hawakuulizwa. Ufini nayo ilijaribiwa. Mwaka 1932 wafuasi wa siasa kali za kulia walikusanyika na silaha huko Mäntsälä kuipinga serikali. Rais Svinhufvud, mhafidhina aliyewahi kuwaonea huruma, aliwaambia redioni warudi makwao, nao wakarudi. Bunge likasalimika. Miaka saba baadaye, serikali iliyokataa madai ya Moscow ya kutaka ardhi ilikuwa ya wakulima na wafanyakazi pamoja, na Tanner mwenyewe alikuwa katika ujumbe uliokaa na Stalin.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba ari haikuishinda Urusi. Nakubali. Jeshi la Kisovieti lilikuwa limepoteza maofisa wengi katika msako wa Stalin, lilikuja na mipango mibovu, na huko Suomussalmi na kwenye barabara ya Raate divisheni zake zilikatwa vipandevipande katika baridi kali. Lilipojipanga upya Februari 1940 lilivunja ngome za Karelia. Mkataba wa amani uliotiwa saini Machi 12 uliinyang'anya Ufini takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, pamoja na mji wa Viipuri. Wakimbizi zaidi ya 400,000 ilibidi watafutiwe makazi. Wafini wapatao 25,000 walikuwa wamekufa. Sehemu ya damu hiyo inawahusu wanasiasa waliobana bajeti ya ulinzi miaka yote ya 1930. Mannerheim, mwenyekiti wa Baraza la Ulinzi tangu 1931, alionya mara kwa mara kwamba mizinga haitoshi. Agosti 1939 waziri mkuu Cajander alikuwa bado akijipongeza hadharani kwamba nchi haikulundika silaha ambazo zingekwisha kuchakaa. Miezi mitatu baadaye vijana walikabili vifaru kwa chupa za petroli. Anayeifanya ari kuwa mbadala wa makombora anawakosea wafu wale. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: pasipo ari, vita vingekwisha ndani ya wiki mbili, na serikali ya Terijoki ingekuwa Helsinki.

Ushahidi mwingine unatoka katika vita vilivyofuata, ambavyo Wafini wenyewe husimulia kwa uzito. Mwaka 1941 walipigana tena, safari hii kando ya Ujerumani ya Hitler, wakarudisha ardhi yao kisha wakavuka mpaka wa zamani kuingia Karelia ya Mashariki. Kwenye mpaka huo baadhi ya askari walikataa kwenda mbele. Walisema wameapa kulinda kwao. Juni 1944 Warusi waliposhambulia kwa nguvu zote, vikosi vilikimbia, na Viipuri ikaanguka Juni 20 karibu bila upinzani. Watu walewale, sisu ileile. Kisha, siku chache baadaye, huko Tali na Ihantala, na mizinga mingi zaidi nyuma yao, wakasimama na kumzuia adui. Kamanda yeyote anayechukulia moyo wa askari kama mali ya kudumu ghalani angefaa ausome mwezi ule siku baada ya siku.

Na deni la ari hulipwa vita vikiendelea. Januari 23, 1940, mabomu yakianguka, chama cha waajiri kilikubali kwa mara ya kwanza kuvitambua vyama vya wafanyakazi kuwa wenzao wa mazungumzo, jambo walilolikataa kwa miaka mingi ya amani. Mwezi uliofuata mgambo wa Suojeluskunta, waliozaliwa kutokana na Weupe wa 1918, waliwafungulia mlango Social Democrats kujiunga. Baada ya vita, Mannerheim, jemadari wa Weupe mwenyewe, aliamuru kwamba gwaride la Mei 16 lisifanyike tena. Badala yake, Jumapili ya Mei 19, 1940, makanisa yalifanya ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani, wa vita vya karibuni na wa 1918, pande zote mbili. Ibada hiyo hufanyika hadi leo, Jumapili ya tatu ya Mei.