Kupekua

Kuku hatafuti, anapekua: anachimbua taka kwa kucha, anarudi nyuma hatua moja, anatazama. Polisi nao hupekua nyumba, na siku hizi ukimwita mtu mpekuzi unamaanisha anayechungulia ya wenzake. Neno limeonewa. Anayetafuta huuliza kitu kilipo. Anayepekua hugusa kila kilichopo.

Ndiyo maana silioni jingine linalowafaa wakusanyaji wa komiki wanaoinamia maboksi ya bei poa kwenye maonyesho ya Marekani. Mwaka 1977 Marvel ilijaribu kupandisha bei kutoka senti 30 hadi 35 katika miji michache tu. Star Wars namba 1 ya jaribio lile sasa ni adimu mno, ilhali pacha wake wa senti 30 amejaa tele. Jalada lile lile, hadithi ile ile. Kidole kinasukuma nakala baada ya nakala, jicho limeganda kwenye kona ya bei. Ikitokea 35, moyo unaruka, lakini mkono hautulii bado: baadhi ya nakala zilizochapwa upya nazo ziliuzwa senti 35. Jicho linashuka kwenye mistari ya msimbopau kuhakiki, linapekua tena.