Vyombo vya kutengenezea muratina: Mambo ambayo makundi ya Longonot yanafaa kuzingatia

MURATINA imekuwa kinywaji cha wazee, cha mahari na cha upatanisho miongoni mwa Wakikuyu kwa vizazi vingi. Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Longonot, ambako Wakikuyu na Wamaasai ni majirani wa miaka mingi, pombe ya asali ingali na nafasi yake katika sherehe za jamii zote mbili.

Hata hivyo, jina la pombe ya kienyeji limechafuliwa na vifo. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walifariki katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mikasa ya aina hiyo ilitokea tena Machakos mwaka wa 2005, Embu, Kiambu na kwingineko mnamo Mei 2014, na Kirinyaga mnamo Februari 2024. Kila mara, mama anayepika muratina ya harusi hutiwa katika kapu moja na mfanyabiashara aliyenunua kemikali za viwandani.

Ni muhimu basi kutofautisha kazi mbili. Kuchachusha ni kuiacha chachu igeuze sukari kuwa kileo. Hivyo ndivyo muratina na busaa hutengenezwa. Kukeneka ni kuchemsha kinywaji kilichochacha na kuukusanya mvuke wake, na ndiyo njia ya chang'aa. Makala haya yanahusu kazi ya kwanza pekee.

Uchachushaji wa asali au maji ya miwa hutoa methanoli kidogo mno. Ile ya viwandani ndiyo sumu: mililita 10 zaweza kumpofusha mtu na 30 zaweza kumuua. Kwa anayechachusha tu bila kuongeza kitu, hatari kubwa hutoka kwenye vyombo, maji na uchafu, mambo ambayo kundi laweza kuyadhibiti.

Leseni kwanza

Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka wa 1980. Marufuku hayo yaliondolewa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo mswada wake uliwasilishwa na aliyekuwa mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho, na ambayo wananchi waliibatiza jina lake. Sheria hiyo ilianza kutekelezwa Novemba 2010, nayo yakataza mtu yeyote kutengeneza au kuuza kileo bila leseni.

Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni jukumu la serikali za kaunti. Kundi laweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya 2022, lakini cheti hicho hakiwi leseni ya pombe. Nchini Uingereza, mtu anayetengeneza bia ya matumizi ya nyumbani hajahitaji leseni tangu 1963, na Marekani ilifuata kwa sheria ya 1978. Sheria ya Kenya haitoi ruhusa pana kama hiyo. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kufika katika afisi ya kaunti inayoshughulikia vileo, kabla hata ya kununua pipa.

Chombo cha kuchachushia

Kibuyu ndicho chombo cha asili. Hakina kemikali, na kuta zake huhifadhi chachu kutoka pombe moja hadi nyingine. Udhaifu wake ni kwamba vinyweleo vyake huhifadhi pia vijidudu viharibifu, hivyo sharti kisuguliwe kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa kila kinapotumika.

Anayetaka chombo kikubwa achague pipa la plastiki lililotengenezewa chakula. Alama ya kutafuta kwenye kitako chake ni bilauri na uma. Pipa lililobeba mafuta ya kupikia lafaa likioshwa vyema.

Katika eneo lenye mashamba mengi ya maua kama Naivasha, onyo moja lastahili kukaririwa: mtungi au pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu, mbolea ya maji au kemikali nyingine lisitumike kamwe. Plastiki hufyonza sumu, na hakuna sabuni inayoweza kuitoa yote. Vivyo hivyo kwa mapipa ya chuma yaliyobeba dizeli au lami.

Pombe inapochacha huwa na asidi, na asidi hula madini. Sufuria ya alumini yafaa kuchemshia maji, lakini pombe isiachwe humo siku nzima. Pipa la mabati huachilia zinki. Fundi wa jua kali akiombwa kutengeneza chombo, atumie chuma kisichoshika kutu, na maungio yasilehemiwe kwa risasi, kwa kuwa risasi ni sumu ya ubongo na figo.

Maji

Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya wakazi wengi ni ushahidi wake. Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Tangi la maji ya mvua, lenye mfereji safi na chujio mdomoni, ni sehemu ya vifaa vya kundi sawa na pipa lenyewe.

Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, badala ya 100. Yaachwe yatokote kwa dakika tatu kamili kabla ya kupozwa.

Tunda na joto

Muratina ni jina la Kikuyu la tunda la mwegea. Tunda bichi lina sumu na haliliwi. Hupasuliwa, likaanikwa juani, likachemshwa, maji yake yakamwagwa, kisha likaanikwa tena. Baadaye hutiwa katika maji kidogo ya miwa mahali penye joto kwa saa 24 na kuanikwa mara nyingine. Nyuzi zake huwa zimeshika chachu, na zaweza kutumika tena na tena. Kundi linahitaji kichanja cha kuanikia kilichoinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa kwa wavu dhidi ya nzi.

Pombe ya maji ya miwa huchukua siku moja hadi nne. Chachu hupenda joto la nyuzi 20 hadi 30, ilhali usiku wa Longonot ni wa baridi. Wazee waliweka vibuyu karibu na meko. Leo, pipa laweza kuzungushiwa blanketi au kuwekwa ndani ya sanduku lililojazwa nyasi kavu, pamoja na kipimajoto cha bei nafuu.

Njia ya hewa

Kilo moja ya sukari ikichacha yote hutoa karibu nusu kilo ya kileo na takriban nusu kilo ya hewa ya kaboni, yaani zaidi ya lita 250 za hewa. Chombo kilichofungwa kikiki kitapasuka. Toboa kifuniko, upitishe mpira mwembamba, na mwisho wake uuzamishe katika chupa ya maji. Hewa itatoka kwa mapovu, na nzi hawataingia. Mapovu yakikoma, pombe imekaribia kuiva.

Kifaa kingine chenye manufaa ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa sukari katika kinywaji. Kipimo kikiwa 1.050 mwanzoni na 1.010 mwishoni, kileo ni asilimia 5 hivi. Bila kipimo hicho, mnywaji hajui anachokunywa.

Kazi ya kundi

Vifaa hivi ni ghali kwa mtu mmoja lakini vyapatikana kwa mchango wa kundi. Afaa ateuliwe mtu mmoja wa kutunza vyombo, na mwingine wa kuandika katika daftari tarehe, chanzo cha maji, kiasi cha asali au miwa, vipimo na majina ya waliohusika. Chombo kisichojulikana kilikotoka kikataliwe, hata kama kimeletwa na mwenyekiti.

Kinywaji kikibadilika rangi au harufu isivyo kawaida, kimwagwe. Na iwapo mtu yeyote aliyekunywa pombe, ya kundi au ya kwingineko, ataanza kuona ukungu machoni, kutapika au kuhema kwa shida, apelekwe hospitalini mara moja bila kungojea asubuhi. Sumu ya methanoli ina tiba, na kila saa inayopotea huhatarisha macho na uhai wake.