Dawa Iliyokataa Kuyeyuka

Wasee, tukiongea historia ya ARV huwa tunaongea bei na siasa. Sawa. Lakini kuna kisa cha 1998 kilichoanza na fuwele, na mimi bado kinanitisha.

Ritonavir iliidhinishwa Marekani Machi 1996. Ilikuwa kati ya dawa zilizoinua kitandani watu waliokuwa wanangoja kufa. Abbott, kampuni ya kule Illinois iliyoitengeneza, ilijua aina moja tu ya fuwele yake. Ukiimeza kavu mwili hauichukui vizuri, kwa hivyo ndani ya kapsuli waliiyeyusha kwa alkoholi na maji.

Katikati ya 1998 kapsuli zikaanza kufeli vipimo vya kuyeyuka. Kuangalia ndani, kuna fuwele ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Molekuli ni zilezile, hakuna kilichoongezwa, ila zimejipanga kivingine na kushikana zaidi. Matofali yaleyale, nyumba nyingine. Na hii nyumba mpya ilikuwa ngumu kuyeyusha kuliko ile ya kwanza.

Si unajua asali inavyoganda wakati wa baridi? Kiwandani ni karibu hivyo. Unayeyusha dawa kwenye kiyeyusho chenye joto, unapoza, molekuli zinaanza kujipanga. Badilisha kiyeyusho, au poza kwa kasi nyingine, na unaweza kupata umbo lingine kabisa. Shida ni kwamba umbo lililo tulivu zaidi likishatokea, chembe ndogo kama vumbi inatosha kuwa mbegu. Zingine zinaifuata.

Ndio maana kiwanda kikashindwa kutengeneza fuwele ya zamani. Timu iliyokuwa imeshika ile mpya ikatembelea kiwanda cha Italia, ambacho kilikuwa bado salama. Baada ya ziara, nako ikatokea. Manze!

Wengine huita hiyo uzembe. Mimi nakataa. Huwezi kuchunga mlango usioujua, na mwaka 2001 wanasayansi wao walichapisha yaliyowapata ili wengine wasome. Siku hizi kampuni hujaribu viyeyusho na joto tofauti mapema, zikitafuta maumbo yaliyojificha.

Lakini mgonjwa ndiye aliyelipa. Kapsuli ziliondolewa, watu wakabaki na dawa ya maji yenye ladha mbaya ajabu. Mwaka 1999 zikaja kapsuli laini, ila zilitaka friji. Kidonge cha ritonavir kisichohitaji friji kiliidhinishwa Marekani 2010. Hiyo miaka yote katikati, mtu wa Turkana asiye na stima angeziweka wapi?