Mizani ya pili: wakulima wa pamba wa Mwanza na wanunuzi wao



Majuzi nilipigiwa simu na kijana mmoja anayenunua dengu. Analalamika: "Bwana shamba, mimi simpunji mtu. Mizani yangu imekaguliwa na stika iko juu yake. Bei yangu iko juu. Lakini wakulima wananipita, wanaenda kuuza kwa mwenzangu anayelipa pungufu. Nimewakosea nini?"

Nilimuuliza mkulima anajuaje kwamba mizani yake ni nzima. Akajibu, "Si nimewaambia?" Hapo nikaona sina budi kumsimulia habari ya pamba, na kwa kuwa wengi wenu mna shida inayofanana na yake, naiandika hapa.

Turudi miaka ya mwisho ya 1940, vita kuu ya pili imekwisha. Mwanza, Shinyanga, Geita na Ukerewe zote zilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa, na pamba ndiyo iliyokuwa inalipa kodi, inanunua nguo na kuongeza ng'ombe zizini. Mkulima aliibeba kichwani au kwa baiskeli, wengine kwa punda, hadi kituo cha kununulia. Wanunuzi wenye leseni na wenye majineri walikuwa karibu wote watu wa asili ya Kihindi. Bei ya ratili moja ilipangwa na serikali kabla ya msimu.

Hiyo habari ya bei kupangwa tusiipite haraka, kwa sababu ndiyo kiini cha mambo. Bei ikishapangwa, mnunuzi na muuzaji hawana cha kubishania. Mnunuzi anayetaka kuongeza faida anabaki na mahali pamoja tu pa kuitafuta: kwenye mizani. Mkulima naye ametembea tangu alfajiri, mzigo uko chini, jua linawaka. Mizani inamtazama mnunuzi. Karani anasoma namba kwa sauti, na wakulima wengi wa wakati ule hawakujua kusoma. Akitajiwa ratili 40, atapinga kwa kipi? Kurudi na mzigo nyumbani hawezi. Anapokea hela na kuondoka, na njia nzima anahesabu kichwani: mwaka jana shamba lilelile, vikapu vilevile, mbona nilipata zaidi?

Sasa niwe mkweli. Sisemi kila mnunuzi alikuwa mwizi. Walikuwamo waliokaa vijijini miaka mingi, wakajua Kisukuma, wakakopesha vitambaa na chumvi wakati wa njaa, wakajua watoto wa wateja wao kwa majina. Ukipima uhusiano kwa salamu na kukopeshana, hao walikuwa na uhusiano mzuri kabisa. Lakini mzigo ulipopanda kwenye mizani, yule mwaminifu na yule mjanja walifanana. Wote wawili walisoma namba ambayo mkulima hakuiona. Shaka ikawafunika wote, na mwaminifu ndiye aliyeumia bure, maana alikuwa mkweli na hakuwa na njia ya kuonyesha ukweli wake. Kijana wangu wa dengu yuko hapohapo.

Mwanza mjini palikuwa na chama cha ushirika cha wafanyabiashara wadogo Waafrika, watu wa maduka na magenge, waliokuwa na manung'uniko yao kuhusu ugavi wa bidhaa. Katibu wake alikuwa kijana aliyezaliwa mwaka 1925, jina lake Paul Bomani. Wafanyabiashara hao waliishi na wakulima na waliwauzia bidhaa. Walijua kwamba mkulima akipunjwa pamba, hela ya kununua sabuni dukani kwao inapungua. (Wenye maduka mnaosoma hapa, lishikeni hilo. Mteja wako ni yule aliyeuza mazao juzi.)

Kilichofuata kilikuwa kitu kidogo sana. Karibu na vituo vya kununulia wakawekwa wapimaji huru, wenye mizani yao. Mkulima akifika anapima kwao kwanza, ndipo anapeleka mzigo kwa mnunuzi. Basi. Mizani ile ya pili haikununua hata ratili moja ya pamba. Ilimpa mkulima namba tu, akaingia kwa mnunuzi akiwa anajua anachouza. Wakulima walikubali kulipia huduma hiyo kutoka mifukoni mwao, na ninyi mnajua mkulima hatoi hela yake hovyo.

Mimi naona pale ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza. Kabla ya hapo kulikuwa na manung'uniko njiani na maelezo ya karani, basi. Mkulima alipokuja na namba yake, mnunuzi alilazimika kumjibu. Zikitofautiana, mnazungumza. Zikilingana, mnunuzi amepata kitu ambacho hela hainunui: shahidi asiyetoka kwake.

Kutoka kwenye wapimaji ilizaliwa hatua nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1950 Bomani na wenzake walizunguka vijijini wakiitisha mikutano, na kukaundwa chama cha wakulima wa jimbo. Hawakuanza kwenye udongo mtupu. Usukumani watu walikuwa na elika, vikundi vya vijana na majirani vya kulimiana kwa zamu, vyenye viongozi na adabu zake. Watu waliokwisha kulimiana wanajuana: nani mvivu, nani anatunza hela ya wenzake. Serikali ya kikoloni ilisita mwanzoni, kisha ikaanza kuandikisha vyama vya msingi. Bomani alikwenda Uingereza kusoma ushirika katika chuo cha Loughborough. Mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa shirikisho kubwa, Victoria Federation of Co-operative Unions. Wakajenga majineri yao wenyewe, la Kasamwa kule Geita likiwa miongoni mwa ya awali. Miaka ya 1950 ilipokwisha, pamba ya jimbo ilikuwa inanunuliwa kupitia vyama vya wakulima. Bomani mwenyewe akaja kuwa Waziri wa Fedha mara baada ya Uhuru.

Wengi husimulia hadi hapo na kupiga makofi. Mimi naomba tuendelee kidogo.

Mizani sasa ilikuwa ya chama. Karani alikuwa mtoto wa kijijini. Ni nani angeweka mpimaji huru wa kumkagua ndugu yake mwenyewe? Mizani ya pili ikaonekana haina kazi tena. Kati ya mzigo wa mkulima na hela yake mkononi kukawa na makato: ya chama cha msingi, ya muungano, ya usafirishaji, ya bodi. Katikati ya miaka ya 1960 bei aliyolipwa mkulima ikawa inashuka, na akiuliza sababu hapati maelezo yanayoeleweka. Malalamiko ya mizani yakarudi, safari hii dhidi ya watu wake.

Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima. Kati ya kasoro kubwa ilizoziona ilikuwamo hii: wanachama hawakuwa na habari. Hawakuelewa chama chao kinaendeshwaje na hela inakwenda wapi. Kamati ilitaja pia upungufu wa watumishi wenye ujuzi, ukosefu wa demokrasia katika ngazi ya muungano, na kuingiliwa na wanasiasa. Shirikisho la Victoria likawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mwaka 1968 nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikafutwa, vikaja kurudishwa miaka ya 1980. Nimewahi kukaa na wazee wanaokumbuka misimu hiyo. Jambo linalowauma zaidi ya bei ni kwamba hakuna aliyekuja kuwaeleza.

Basi nikamwambia kijana wangu: stika ya mizani ni nzuri na sheria inaitaka, iache palepale. Lakini bibi wa kijijini hajui ile stika inasema nini. Geuza mizani, uso wake umtazame muuzaji. Usisome namba wewe, msome yeye au mjukuu wake. Nunua mfuko wa sukari wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, uutundike mbele ya watu kabla hujaanza kununua, na kila mwenye shaka aruhusiwe kuutundika tena. Andika uzito, bei na jumla kwenye karatasi, mpe. Kama unakata chochote kwa ajili ya unyevu au takataka, sema kabla ya kupima, maana ukisema baadaye inakuwa wizi hata kama una haki. Na lumbesa usiiguse, hata mkulima akikubali kwa shida zake.

Akaniuliza kama sukari haitamwongezea gharama. Nikamwambia msimu ukiisha ataiuza au atainywea chai.

Wiki iliyopita nilipita kwenye gulio lao. Sukari ilikuwa inaning'inia, watu kama kumi na watano wamepanga foleni. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameshaona ikipimwa mara mbili. Zamu yake ilipofika akasema, "Mwanangu, itundike tena."

Akaitundika.